Gari inashtuka, inachemsha, inakula oili: ipi ni hofu ya mtandaoni na ipi ni ugonjwa kweli

Mtu yuko na gari yake vizuri tu, haijawahi kumlaza njiani, siku moja anaandika jina la gari mtandaoni aone watu wanasemaje, basi kuanzia hapo kila mlio anaousikia ni giaboksi inakufa. CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia) ni bomu, D4 (injini za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda) usiguse, Subaru lazima iunguze gasketi ya hedi, haibridi betri likifa umekwisha. Mengi ya haya yana ukweli ndani, ila yanatufikia yakiwa yamekatwa kichwa na miguu, husikii ilikuwa injini gani, ya mwaka gani, ilikuwa inamwagiwa oili ipi na mara ya mwisho ilimwagwa lini. Hapa nimepanga kwa dalili, hizi gari za mtumba za Japani tunazoendesha wengi wetu, sababu inayotokea sana inatangulia, ya nadra inakuja mwisho.

Kabla ya dalili yoyote, jua gari yako ni ipi

Sio jina, namba ya modeli. Fungua boneti utafute kile kibati, utaona kitu kama NCP60 au NCP110. Zote hizo mbili ni Toyota na mtaani zinaitwa IST, lakini ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne na ya pili ina CVT, na oili zao za giaboksi haziingiliani kabisa. Sasa mtu anasema "IST haina shida ya giaboksi" na mwingine anasema "IST giaboksi ni ugonjwa wake", wanabishana siku tatu, na kumbe kila mtu anaongelea gari yake.

Cha pili, fungua mlango wa dereva uangalie pale kwenye nguzo, au chini ya boneti, mara nyingi kuna stika ya Kijapani ya oili ambayo imeachwa. Ina tarehe na kilomita. Mwaka wao ukiwa umeandikwa 28 maana yake ni Heisei 28, jumlisha 1988 unapata 2016. Ukiwa mdogo, 3 au 4, hiyo ni Reiwa iliyoanza 2019, jumlisha 2018. Stika ikisema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi yako inasoma 64,000, basi umeshajua kwamba kilomita zimerudishwa, na ratiba yako yote ya sevisi hesabu upya kuanzia hapo. Hii stika ni ya bure na ina maana kuliko maoni mia mbili ya watu ambao hawajaiona gari yako.

Gari inashtuka au inatetemeka ukiondoka (hasa CVT)

Hii ndio inaongoza kwa kutisha watu. Na hofu yenyewe haikutoka hewani, Nissan Marekani waliwahi kurefusha dhamana ya CVT za gari za 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000, na kampuni hairefushi dhamana kwa kupenda. Kwa hiyo anayesema CVT za zamani za Nissan zilikuwa na shida hadanganyi. Ila kutoka hapo mpaka "kila CVT inakufa" ni safari ndefu, na gari nyingi zinazofika gereji na hii dalili ukizichimba unakuta ni mojawapo ya haya:

1. Oili siyo. Hapa kwetu oili ya giaboksi ya otomatiki yote inaitwa haidroliki, unaingia dukani unasema nipe haidroliki unapewa ile nyekundu ya galoni, fundi anamimina. CVT inataka ya kwake, na ndani ya CVT kila kampuni ina yake: Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana TC na FE, Honda wana HMMF na HCF-2. Ule mkanda wa chuma ndani ya CVT unashika puli kwa msuguano unaotegemea aina ya oili, ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaanza kuteleza, ukiteleza unakwaruza puli, na puli ikikwaruzika hapo sasa ndio unaenda kuungana na wale wa mtandaoni.

2. Oili imechoka au imepungua. Kuna ile kauli ya "oili ya giaboksi ni ya maisha". Maisha ya nani sasa? Vitabu vya gari vingi vina ratiba mbili, ya kawaida na ya mazingira magumu, na mazingira magumu kwa lugha yao ni vumbi, joto, safari fupi na foleni. Yaani foleni ya Dar, Kimara mpaka Posta saa moja asubuhi. Mafundi wengi wa CVT wanaojua kazi watakwambia ubadilishe kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na mimi nipo upande wao.

3. Sio giaboksi kabisa, ni injini inamisi. Plagi zimechoka au koili moja inakufa, ukikanyaga gari inadunda-dunda, na mwenye gari kwa sababu ameshasoma anasema ni CVT. Plagi nne na koili moja hazifiki hata robo ya bei ya giaboksi ya mtumba, kwa hiyo anzia hapa.

4. Maunting ya injini au ya giaboksi imekatika. Weka D huku umekanyaga breki, halafu R, kama kuna kishindo na injini inaruka ukiangalia kwenye boneti, shika hapo.

5. Valvu bodi (inayogawa oili ndani ya giaboksi) au solenoidi zake, yaani valvu zake za umeme, na mwisho kabisa mkanda na puli.

Ya kuangalia mwenyewe: je inashtuka ikiwa baridi tu, au ikishapata moto, au muda wote? Je taa ya chek injini inawaka? Kwenye CVT nyingi hamna dipstiki ya kuvuta ukaangalia kama ya injini, kiwango kinapimwa oili ikiwa kwenye joto maalum, kwa hiyo fundi anayefungua boliti, akachungulia, akasema "ipo" huku gari imetoka kulala usiku mzima, huyo kakisia. Oili ikimwagwa dai sampo, ile sinia ya chini ya giaboksi, ifunguliwe uone sumaku. Ute wa kijivu laini kwenye sumaku ni kawaida, chuma kinalika taratibu. Ukiona vipande vinavyong'aa, vinavyoshikika kwa kidole, hiyo giaboksi imeshaanza kujila na oili mpya haitairudisha.

Mazungumzo yanakuwaga hivi:

"Bosi hii giaboksi imekwisha, tutafute nyingine, nina mtu Ilala."
"Fundi, umepima na mashine?"
"Hii haina haja ya mashine bosi, hii naijua."

Ukisikia hivyo shukuru uondoke. Sio kwamba anakuibia lazima, amekariri tu, na kukariri kwake kutakugharimu milioni.

Kuna hofu nyingine inayozunguka kwamba ukibadilisha oili ya zamani ya giaboksi unaiua. Kinachotokea ni hiki, watu wanakimbilia kubadilisha oili gari ikiwa tayari inateleza, inakufa wiki mbili baadaye, lawama zinaenda kwa oili mpya. Ambayo iko mzima, kumwaga iliyomo na kujaza ileile sahihi haiui. Cha kukataa ni kusukuma oili kwa mashine yenye presha kwenye giaboksi yenye kilomita nyingi ambayo haijawahi kuguswa.

Simama, usiendelee kuendesha: gari inapiga mizunguko inapanda mpaka 4,000 lakini haiendi, kuna mluzi au mlio wa chuma kusaga, au inakataa kurudi nyuma. Hapo ivutwe, kila kilomita unayoilazimisha inasambaza chuma ndani. Ila kitu kimoja, kwenye mlima mrefu gari za CVT zinaweza kupunguza nguvu zenyewe oili ikipata moto sana, ukipaki dakika ishirini ikarudi sawa, tatizo linaweza kuwa ni kupoza oili na sio mkanda, kamwambie fundi hivyohivyo ilivyotokea.

Mshale wa temperecha unapanda

Mtandaoni hii ina jibu moja, "gasketi hiyo". Na kama ni Subaru hata hawasubiri umalize sentensi. Ukweli wa Subaru ni kwamba injini za EJ25 zisizo na turbo, zenye kamshafti moja kila upande, zilikuwa na gasketi ya hedi iliyokuwa inavujisha kwa nje, na jambo hilo linajulikana duniani kote. Injini za FB zilizoanza kuingia 2010 zina muundo mwingine. Kwa hiyo kabla hujaogopa Forester yako jua kwanza ina injini gani.

Kinachochemsha gari nyingi, kwa mpangilio:

Maji yamepungua, kuna hosi inavuja au rejeta imetoboka. Ya pili, kifuniko cha rejeta kimechoka, kile chenye spring, kimeandikwa 0.9 au 1.1, hakishiki presha tena na maji yanachemka mapema. Hiki kinabadilishwa kwa hela ya chakula cha mchana na watu wanakiruka wanaenda kufungua hedi, mimi hii siielewi mpaka leo. Ya tatu feni haizunguki, washa AC uangalie, kama imelala tafuta fyuzi, rilei, halafu mota. Ya nne temostati, inayozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate moto, na hapa kuna tabia ya mafundi wetu kuitoa kabisa "kwa sababu huku joto". Ikitolewa injini inafanya kazi ikiwa baridi barabarani, mafuta yanaliwa zaidi, na ugonjwa halisi unafichwa mpaka siku unapanda mlima Kitonga na mzigo. Ya tano pampu ya maji, ya sita rejeta imeziba ndani kwa kutu, kazi ya kujaza maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini. Gasketi ndio inafuata sasa.

Kujua kama ni gasketi kweli usifungue kitu kwanza. Gari ikiwa baridi angalia chupa ya akiba, washa injini, kama mapovu yanapanda mfululizo bila kukoma, na hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika chache tangu uwashe, hiyo ni dalili. Chini ya kifuniko cha oili ukikuta utando mweupe mzito na maji yanapungua bila kuvuja chini, dalili nyingine, ila ukungu mwepesi tu kwa gari ya safari fupi usikutishe, huo ni unyevu. Gereji iliyokamilika ina kile kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, kikigeuka njano kuna gesi ya injini inaingia kwenye maji. Dai hicho kipimo kabla hujaruhusu hedi ishuke. Na ikishuka, dai hedi ipimwe kama imepinda, kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kununua gasketi nyingine mwezi ujao.

Mshale ukigusa nyekundu: zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama unaoga jasho, paki pembeni, zima. USIFUNGUE kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, yale maji yana presha, yanatoka kama mvuke usoni na watu wanaungua kweli. Usimwage maji ya baridi kwenye injini pia, chuma kinapasuka. Nusu saa au zaidi ndio uguse. Ikishachemsha mara mbili usijifariji kwa kujaza maji kila kituo, iite ya kuvuta.

Inakula oili, moshi wa bluu

Toyota haili oili, hiyo nayo ni imani ya mtandaoni, ya upande wa pili. Injini ya 2AZ-FE ya cc 2400, ile ya Vanguard, Alphard na Harrier 240G, ina historia hiyo kabisa, na Toyota Marekani waliweka dhamana maalum kwa baadhi ya gari zao za kati ya 2006 na 2011 zenye injini hiyo, wakabadilisha pistoni na ringi kwa zilizokuwa zinakula zaidi ya kama lita moja kwa kilomita 1,900. Haina maana kila Vanguard ni mbovu. Ina maana ukiwa nayo dipstiki inaangaliwa kila wiki mbili, sio siku ya sevisi.

Anza na kipimo. Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano, vuta, futa, rudisha, vuta tena. Kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja kwenye injini nyingi ndogo. Andika kilomita. Baada ya 1,000 pima tena hapohapo. Watu wengi wanaosema gari inakula oili hawajawahi kupima, wameona tu oili nyeusi wakashtuka, na oili kuwa nyeusi ni kazi yake.

Ikipungua kweli: kwanza vuja, kifuniko cha valvu na sili za kranki, angalia chini ya gari asubuhi. Pili valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini, imeganda, kispea kidogo sana, bei ndogo, kinasahaulika. Tatu moshi unatoka asubuhi tu ukiwasha halafu unaisha, hizo ni sili za valvu. Moshi muda wote ukikanyaga, ringi. Hapo fundi apime kompresheni kabla ya neno ovaholi kutamkwa. Kuhusu kuweka oili nzito ya 20W-50 ili isile, kwa injini iliyoandikiwa 5W-30 au 0W-20 utapunguza moshi kidogo na utachelewesha oili kufika juu asubuhi, na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unaendeshwa na hiyo hiyo oili. Sishauri.

Taa nyekundu ya kibuyu cha oili ikiwaka, zima injini hapo ulipo. Sio mpaka sheli inayofuata.

Chek injini imewaka

Haiwaki kwa sababu gari inakufa. Inawaka kwa sababu kompyuta imeona kitu nje ya kipimo, na namba inayotoka inakwambia dalili, haikwambii spea ya kununua. P0171 ni injini inapata hewa nyingi kuliko inayotakiwa kwa petroli yake, mara nyingi hosi ya hewa imepasuka au sensa ya hewa ni chafu, wala sio sensa ya oksijeni ambayo ndio mtu anauziwa. P0420 inahusu masega ya eksozi yanayosafisha moshi, na kama masega yako yaliondoka siku ulipoacha gari gereji bila mtu, jibu unalo. P0300 mpaka P0304 kumisi, rudi kwenye plagi na koili.

Usikubali ifutwe kabla haijaandikwa. Na taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo upaki, petroli mbichi inaenda kuungua kwenye eksozi.

Sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) haitulii, hasa D4

"D4 usinunue" imeharibu bei ya gari nzuri nyingi. Injini kama 1AZ-FSE zinapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa kuziosha, na masizi yanajijenga pale. Basi ndio siri yote. Sababu ya kawaida ni throtobodi chafu, halafu masizi kwenye valvu, halafu noseli, halafu pampu ya presha. Mbili za kwanza ni kusafisha. Pampu na noseli ndio bei, na zinauliwa na petroli chafu ya madumu, kwa hiyo jaza sheli inayouza sana na usiachie tenki likauke. Kuna mafundi wanakwepa D4 kwa sababu hawana kipimo cha presha yake, wakisema mbovu maana yake wao hawaiwezi.

Injini imezima ghafla ukiwa mwendoni, sasa starta inazungusha kirahisi mno

Kama ni Subaru ya EJ, acha kupiga starta. Ina mkanda wa taimingi wa mpira, unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, ukikatika valvu zinagongana na pistoni na kila starta unaongeza hasara. Hapa hofu ya mtandaoni ni halali asilimia zote. Kama kilomita zilirudishwa, angalia ile stika, na kama huna uthibitisho weka mpya.

Haibridi imeleta pembetatu nyekundu

Aqua na Prius zikianza kuleta taa, watu wanawaza betri kubwa moja kwa moja. Anza na betri dogo la volti 12 lililoko nyuma, likichoka gari inawasha taa zisizoeleweka. Halafu kuna tundu la hewa pembeni ya siti ya nyuma, lina feni na kwenye baadhi kichujio, vumbi letu na manyoya ya siti yanaliziba, betri linapata joto, linalalamika. Lisafishe, na usipange mizigo mbele yake. Halafu maji ya invata, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwenda mota, yana chupa yake mbele, sio ile ya injini. Baada ya hapo ndio selo, na fundi mwenye mashine atasoma volti ya kila kundi akuonyeshe lipi limeshuka kuliko mengine, asikuambie tu betri limekufa. Jua pia kubadilisha selo moja kwenye betri iliyozeeka yote kunakupa miezi tu, nyingine zinafuata.

Waya zote za rangi ya chungwa usiziguse wala usimruhusu fundi wa kuungaunga aziguse. Betri la Aqua ni volti 144 na la Prius ya kizazi cha tatu ni 201.6, na kwenye invata umeme unabaki hata gari ikiwa imezimwa. Fundi asiye na glavu za umeme na asiyejua plagi ya usalama iko wapi, hata kama ndiye aliyekufungia injini vizuri mwaka jana, mwambie afunge siti, na gari ipande ya kuvuta iende kwa anayejua.